Fuwele za Jumamosi

Ijumaa, 17 Januari 2025

Leo ninaanza. Dada Gladys amesema kila mtu wa maabara yao huko ng'ambo ana daftari, na ndani ya daftari hakuna kinachofutwa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, kisha unaendelea. Sisi Waadventista hatuapi, lakini nimeahidi kwamba nitaandika kila kitu cha muhula huu, hata kitakachonitia aibu. Mwishoni Mwalimu Omosa atazipiga picha kurasa zote kwa simu yake amtumie Dada, kwa sababu sisi wanafunzi simu haturuhusiwi.

Dada, unanijua, lakini umesema niandike kana kwamba atasoma mtu asiyenijua. Basi: naitwa Nyanchera, niko Kidato cha Tatu, shule ya bweni ya wasichana huku mlimani Manga. Mwalimu Omosa, wa Kemia, amenichagua mimi na Deka tutengeneze mradi wa mashindano ya sayansi ya kaunti mwezi wa tatu. Deka ni rafiki yangu tangu siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, tulipopewa kitanda kimoja sote wawili kwa makosa. Baba yake ana duka la vitambaa na viungo Kisii mjini.

Mradi unatokana na kazi yako. Unachukua DNA, unaondoa atomu moja ya oksijeni na kuweka atomu ya seleniamu mahali pake, halafu unaikuza iwe fuwele, punje ngumu yenye nyuso bapa kama ya sukari, na kuipiga eksirei ili ujue umbo lake. Nimeiandika sentensi hiyo vizuri lakini siielewi. Nilipovunjika mkono Darasa la Sita eksirei iliuona mfupa papo hapo. DNA ina nini hata isionekane mpaka iongezewe kitu?

Jumapili, 19 Januari

Seleniamu hatuna, na Mwalimu anasema hata tungekuwa nayo asingetuachia, ni sumu. Badala yake tutatumia shabu, ile chumvi ya mawe meupe. Deka ameleta kilo nzima kutoka dukani kwao. Wateja huipaka kidevuni baada ya kunyoa.

Ndani ya shabu ya kawaida kuna aluminiamu. Iko shabu nyingine ambayo ndani yake aluminiamu imetolewa na kromiamu imekaa mahali pake. Ni ya zambarau. Mwalimu anasema fuwele za shabu hizi mbili zina umbo lilelile, nyuso nane. Atomu moja imebadilishwa, nyumba haijabomoka. Hilo ndilo tutakalowaonyesha majaji, kisha tuwaeleze kwamba kuna watu wanaofanya hivyo kwa DNA.

Bi Bonareri, mtunza maabara, alitafuta stoo nusu saa akatoka na kopo dogo la shabu ya zambarau. "Hii ilikuja kabla hamjazaliwa," alisema. "Mkiimwaga, mimi na nyinyi hatujuani."

Tuna chupa mbili, moja nyeupe na moja ya zambarau. Katika kila chupa fuwele ndogo kama punje ya wimbi inaning'inia kwa uzi uliofungwa kwenye kijiti. Kila siku tunaitoa, tunaikausha, tunaipima kwenye mizani na kuandika uzito kwenye jedwali.

Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama mimi sifanyi kazi. Kwa hiyo Jumamosi ni ya Deka. Ijumaa ni yangu, kwa sababu siku hiyo yeye na wasichana wengine Waislamu wana swala. Hatukubishana hata kidogo. Deka alisema, "Mungu ametupangia zamu vizuri."

Ijumaa, 24 Januari

Nyeupe gramu 0.6. Zambarau 0.5. Mvua ndogo.

Jumapili, 26 Januari

Wanaendelea vizuri wote wawili. (Nimeandika "wote wawili" kana kwamba fuwele ni watoto. Nimepiga mstari, Dada, lakini unaona.)

Ijumaa, 31 Januari

Maji ya chupa nyeupe yamepungua, kwa hiyo leo nimetengeneza maji mapya ya shabu. Nilichemsha, nikakoroga mpaka ikayeyuka yote, nikamimina. Jua lilikuwa limefika kwenye miti ya chai, nikafunika na kukimbia. Nitafanya hivi kila Ijumaa ili Sabato ikute kazi imekwisha. Mama hufanya hivyo nyumbani: chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, na jua bado liko juu.

Ya zambarau siiongezi. Kopo lenyewe ni dogo.

Jumanne, 4 Februari

Dada, Mwalimu Omosa alikutumia swali langu la eksirei, na leo ameichapisha barua pepe yako. Nainakili sehemu hii ili nisiipoteze:

"Eksirei ya hospitali huacha kivuli cha mfupa. Sisi hatupati kivuli. Miale ikipita kwenye fuwele hutawanyika, na kinachobaki kwenye picha ni madoa mengi, mengine meusi sana, mengine hafifu. Weusi wa doa hutuambia wimbi la miale lilikuwa na nguvu kiasi gani. Hautuambii wimbi hilo lilianza kupanda wakati gani, na bila kujua hilo madoa hayarudi kuwa umbo. Seleniamu ni wa ukoo mmoja na oksijeni, hushikana na wengine kwa namna ileile, lakini ni mkubwa. Oksijeni ana elektroni nane, yeye ana thelathini na nne, kwa hiyo hutawanya miale kwa nguvu zaidi. Ukiwa na madoa ya DNA bila yeye, na madoa ya DNA pamoja naye, tofauti iliyopo ni yeye. Ukishajua alipo, wengine unawapata kwa kuanzia kwake."

Nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilielewa, ya nne nikapoteza tena.

Jumamosi, 8 Februari, jua limekwisha kuzama

Leo nilikuwa na kikohozi, nikakaa nje ya ukumbi kwaya ikiimba. Kutoka nje nilisikia sauti za juu zina nguvu na za chini ni hafifu. Nikafikiri: kama mtu angeniandikia tu nguvu ya kila sauti, bila kuniambia nani alianza lini, ningeweza kuupata wimbo? Nisingeweza. Ningekuwa na orodha ya makelele.

Kisha akaingia Lavender, ambaye hulala kitanda cha juu yangu. Lavender ana sauti nzito yenye mikwaruzo na haingii pamoja na wengine hata siku moja. Nilimjua mara moja, na kutoka kwake nikaanza kusikia wengine walipo. Nilifurahi mpaka nikakohoa.

Usiku wa leo nilijaribu kumweleza Deka. Nilifika katikati nikakwama. Lavender alitusikia kutoka juu. "Wapishi wa chumvi, laleni! Hata chumvi yenyewe imelala."

Jumatano, 12 Februari

Baba yake Deka alipiga simu kwa mwalimu wa zamu. Deka amerudi, akalala na viatu. Hakula ugali.

Alhamisi, 13 Februari

Ameniambia. Baba yake anataka muhula ujao ahamie Garissa, akaishi na bibi yake na kusoma huko pamoja na binti za baba zake wadogo. Si kwa ubaya. Bibi amezeeka na yuko peke yake, na baba anaona Deka amebaki mwenyewe hapa, darasani hakuna Msomali mwingine.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia, Aabo, nina mradi." Aabo ndivyo anavyomwita baba yake. "Akasema, mradi gani unaomfanya mtoto aende maabara Jumamosi? Nikamwambia aje mashindanoni aone mwenyewe. Akasema atakuja, akiona ndipo ataamua."

"Basi tutamwonyesha."

"Nyanchera," alisema, "fuwele isipokua sina cha kumwonyesha."

Nikamwambia inakua. Si jedwali analiona?

Jumapili, 16 Februari

Kuna jambo. Ijumaa fuwele nyeupe ilikuwa gramu 7.4. Deka ameandika Jumamosi 6.8. Leo nimepima mwenyewe: 6.9. Fuwele haipungui, inakua. Deka anasema mizani ni ya zamani. Lakini mizani hiyohiyo imepima ya zambarau, na ya zambarau imeongezeka kama kawaida.

Tena, ndani ya fuwele yetu kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, karibu na ncha. Leo sikuuona. Niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka Bi Bonareri akaniuliza kama natafuta ndoa humo ndani.

Jumatatu, 17 Februari

Nimerudi nyuma kwenye jedwali. Kila Jumamosi nambari ya nyeupe inaruka, mara juu, mara chini. Siku nyingine inapanda polepole kama ngazi.

Alhamisi, 20 Februari

Mwalimu Omosa ametuma muhtasari wa mradi kwa waandalizi. Amefurahi. Anasema ana miaka kumi na moja hapa hajawahi kupeleka mtu mashindanoni.

Jumapili, 23 Februari

Tena. Ijumaa 8.0, Jumamosi 8.9. Karibu gramu nzima kwa usiku mmoja!

Nafikiri ni Lavender anayetubadilishia fuwele. Yeye husali nasi Sabato lakini hutoka kabla ya mahubiri ya mchana, na mara moja nilimwona akitoka upande wa maabara. Nilimuuliza juu juu, "Wewe hupita maabara Jumamosi?" Akanitazama. "Nikafanye nini? Nikaonje?" Wote walicheka, mimi pia, lakini sikumwamini.

Alhamisi, 27 Februari

Nimelala nikifikiria barua yako. Unaweka kitu kimoja unachokijua, huachi kingine chochote kibadilike, kisha unatazama kiko wapi.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefanya jambo na sikumwambia Deka, kwa sababu Deka hana siri usoni na Lavender angejua. Ncha ya juu ya uzi, ile inayofunikwa na karatasi ya gundi juu ya kijiti, nimeipaka wino wa buluu wa kalamu yangu. Nikaibandika tena. Haionekani. Nikamimina maji mapya kama kawaida, nikafunika kabla jua halijazama. Uzito gramu 9.6.

Jumapili, 2 Machi

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Leo Deka ameanza kufunga Ramadhani. Nilifika maabara kabla yake. Nikabandua karatasi ya gundi kwenye kijiti. Uzi ulikuwa mweupe mpaka mwisho. Hapakuwa na wino.

Nilimwita Bi Bonareri nikamuuliza nani aliingia jana. "Deka," alisema. "Nani mwingine? Ufunguo si huu kiunoni mwangu?" Nikamuuliza kuhusu Lavender. "Lavender huja kwangu kuomba maji ya moto ya koo. Hajavuka mlango huu."

Deka alinikuta kwenye bomba la nje nikiosha chupa ambayo haikuwa chafu.

"Deka, fuwele yetu iko wapi?"

"Si hiyo mezani?"

"Ile yetu uzi wake una wino wa buluu. Nilipaka Ijumaa."

Maji yalikuwa yakimwagika, hakuna aliyefunga bomba.

"Ulinitega," alisema.

"Sikukutega wewe. Nilimtega Lavender."

"Basi umemshika Deka. Hongera."

"Umekuwa ukibadilisha tangu lini?"

"Tangu ya kwako ilipoanza kufa."

"Kufa vipi? Ijumaa naiacha nzima!"

"Na Jumamosi asubuhi naikuta chini ya chupa. Uzi mtupu. Kila Jumamosi, Nyanchera! Unafikiri mimi napenda? Nina fuwele za akiba nyuma ya sinki, nazikuza kwenye vikombe vya maziwa lala. Nachukua inayokaribiana, naining'iniza na uzi wake."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitazama viatu vyake. "Ungesema ni Mungu. Ungesema Mungu hataki ikue siku ya Sabato, ungeacha mradi. Nakujua. Halafu mimi ningemwonyesha nini Aabo?"

Akaenda. Sikumfuata. Ninachoogopa kuandika, Dada, ni kwamba alisema kweli. Ningesema hivyo hasa. Hata sasa wakati naandika, sehemu moja ya moyo wangu inasema hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Hatujazungumza.

Jumanne, 4 Machi

Hatujazungumza. Mvua ya mawe. Majani ya migomba yamechanika yote.

Alama ya wino iliniambia ni nani. Nilidhani nikishajua ni nani nitakuwa nimejua yote. Sasa najua ni nani na sijui chochote. Alinidanganya Jumamosi tano. Tena alinisaidia Jumamosi tano. Nikiweka hesabu mbili hizi pamoja sijui zinatoa nini.

Jumatano, 5 Machi

Bi Bonareri ameniita stoo. "Bwakire buya," alisema, ingawa ilikuwa saa tisa mchana na hiyo kwa Kikisii ni salamu ya asubuhi. Hutania hivyo akitaka mtu atabasamu. Sikutabasamu. Akanipa kikombe cha plastiki. "Mwenzako alisema nitupe hivi. Mimi situpi kitu cha maabara."

Ndani kulikuwa na vipande vitano vya shabu, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi yenye tarehe. Mwandiko wa Deka. Tarehe 1 Februari, 8, 15, 22, na 1 Machi. Alikuwa ameweka kila kilichoanguka.

Havikuwa vimevunjika. Kitu kilichovunjika kina kingo kali. Hivi vilikuwa vimeviringika, laini, kama peremende iliyonyonywa ikatemwa.

"Vimelambwa," nilisema.

"Na nani?" aliuliza Bi Bonareri.

Nilitazama chupa ya zambarau. Ile haijawahi kuanguka. Chupa mbili, meza moja, dirisha moja, usiku mmoja wa Sabato. Kama ni Mungu, mbona ya zambarau ameiacha? Kuna tofauti moja tu kati yao. Ya zambarau siimwagii maji mapya Ijumaa.

Maji mapya ya moto.

Nilikaa chini sakafuni, Dada. Maji yakiwa moto bado yana njaa ya shabu. Yanakula fuwele kabla hayajapoa. Kila Ijumaa, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na nilitaka Sabato ikute kazi imekwisha, nilimimina kabla hayajapoa nikakimbia. Si Lavender, wala Deka, wala mizani ya zamani. Ni mimi, na haraka yangu ya kuwa mwema.

Jumatano, bado

Nilimkuta Deka nyuma ya bweni akisubiri magharibi na tende zake tatu kwenye leso. Nilimwambia yote. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo ulikuwa unaipika," alisema mwishoni.

"Nilikuwa naipika."

"Lavender akijua atatuimba."

Adhana ya simu ya mwalimu mlezi wa wasichana Waislamu ikalia. Alikula tende moja, ya pili akanipa mimi. Sikujua kama ni kusamehewa au alikuwa amenionea huruma tu. Niliila.

Ijumaa, 7 Machi

Maji mapya nilitengeneza jana, Alhamisi, yakalala yakapoa. Leo chupa mbili nyeupe: moja nimeongeza maji yaliyopoa, nyingine ya moto kama zamani. Vingine vyote sawa. Deka ameahidi hatagusa, ataandika tu.

Jumapili, 9 Machi

Ya maji yaliyopoa: imeongezeka gramu 0.2. Ya maji moto: imeanguka, imeviringika. Deka aliandika "imepikwa" kwenye safu ya maelezo.

Jumatatu, 10 Machi

Tumemwambia Mwalimu Omosa. Alisoma jedwali, akasoma tarehe kwenye vile vipande vitano, akavua miwani.

"Muhtasari umeshatumwa," alisema. "Una nambari hizi hizi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Majaji wana dakika saba kwa kila meza. Hawatapima fuwele. Ya zambarau ni safi. Nambari za nyeupe andikeni ni wastani." Alisema hivyo akitazama dirishani.

Deka alinitazama mimi. Mimi nilitazama meza. Tukisema ukweli tunaweza kutolewa, na Deka hana cha kumwonyesha baba yake. Tukinyamaza, baba yake ataonyeshwa kitu ambacho hakikutokea. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kujibu, kwa sababu si mimi nitakayepelekwa Garissa.

"Nipeni mpaka kesho," alisema Deka.

Jumanne, 11 Machi

Deka amesema: "Aabo hupima kitambaa mbele ya mteja. Kikiwa na doa analionyesha yeye kwanza. Nikimdanganya kwa jedwali atajua, hata kama hajui Kemia."

Mwalimu Omosa alivaa miwani, akatoka. Jioni alikuja bwenini na karatasi mpya ya manila na kalamu tatu za rangi, akazikabidhi kwa mwalimu wa zamu. Nilikuwa nimemdhania vingine tangu jana. Leo sijui nilimdhania nini.

Jumamosi, 15 Machi, baada ya jua kuzama

Jedwali jipya liko tayari. Nambari za fuwele zilizobadilishwa ziko kwa wekundu, na pembeni tumebandika vile vipande vitano na tarehe zake.

Jumatano, 19 Machi

Siwezi kulala. Lavender ameinama kutoka juu akasema, "Mpishi, kesho usitetemeke. Ukikwama, kohoa, watadhani ni ugonjwa." Halafu akanipa pipi ya koo. Nilimshuku mtu huyu wiki nzima. Nimemwambia samahani. Akauliza, "Ya nini?" na nikashindwa kueleza.

Alhamisi, 20 Machi

Mashindano. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, kila meza na kelele zake. Ya jirani yetu ilikuwa mashine ya kumenya ndizi, ikakwama, ikarusha ganda kwenye manila yetu.

Mzee Abdiaziz, baba yake Deka, alikuja saa nne. Ni mrefu, ana kofia iliyofumwa, na alikuwa amefunga. Nilimsalimia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia na kusimama nyuma ya watu, mikono mgongoni.

Majaji walikuwa wawili, lakini aliyeuliza ni mama mmoja mwenye kalamu ndefu. Deka alieleza shabu mbili, nyuso nane, atomu iliyotolewa na iliyokaa mahali pake. Mimi nikaeleza madoa, mawimbi, seleniamu. Nilipofika kwenye mawimbi nilikwama, nikakohoa kweli, nikaendelea.

Kisha jaji akaweka kalamu kwenye nambari nyekundu. "Hizi ni nini?"

Sikujua nani angejibu. Deka akajibu, kwa sauti iliyomfikia hata mtu wa nyuma. "Hizo nilibadilisha mimi. Fuwele ilikuwa inakufa nikaweka nyingine na sikusema. Halafu tukatafuta kwa nini inakufa, na hiki ndicho tulichopata."

Nikasema, "Aliyekuwa akiiua ni mimi." Watu wakacheka kidogo.

Jaji hakucheka. Aliinama akatazama vile vipande, kimoja kimoja, zaidi ya dakika saba nafikiri. Kisha akauliza hivi, nainakili kama alivyosema:

"Shabu mnaiona kwa macho, kwa hiyo mnaona nyuso nane zimebaki nane. Lakini DNA haionekani. Huyo anayetia seleniamu, atajuaje kwamba DNA haikujikunja kwa namna nyingine kwa sababu ya huyo mgeni aliyewekwa ndani yake?"

Deka alinitazama. Nilimtazama Deka. Tulimtazama Mwalimu Omosa, ambaye haruhusiwi kusema, naye alikuwa akitazama paa.

"Sijui," nilisema.

"Sijui," alisema Deka.

"Vizuri," alisema jaji, akaandika kitu kirefu. Sijui kama "vizuri" ilikuwa ya kusifu au ya kufunga mazungumzo.

Tulikuwa wa nne. Wanaoendelea mbele ni watatu. Mwalimu anasema tulikatwa alama kwa muhtasari kutofanana na jedwali. Mashine ya ndizi ilikuwa ya pili.

Ijumaa, 21 Machi

Nilichoka jana sikuandika yaliyotokea nje.

Mzee Abdiaziz alitungoja karibu na lango. Deka alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atasema juu ya nambari nyekundu. Hakusema. Alimwendea Mwalimu Omosa, wakapeana mikono, akauliza, "Lile swali la mwisho la yule mama. Jibu lake ni nini?"

"Kusema kweli, Mzee, mimi silijui," alisema Mwalimu.

"Wewe ni mwalimu wao."

"Ndiyo. Na silijui."

Mzee alimgeukia Deka. "Unasoma kitu ambacho mwalimu wako hakijui?"

"Ndiyo, Aabo."

"Nani anakijua?"

Deka akaninyooshea kidole. "Dada yake. Ndiyo kazi yake. Gladys."

"Dada yake wa wapi?"

"Wa hapa, Mzee," nilisema. "Wa Gesima. Alisoma shule hii hii."

Mzee alirekebisha kofia yake. Kisha akasema kwamba ameshamwambia ndugu yake wa Garissa amtafutie Deka nafasi, na kwamba leo hasemi ameghairi. Akasema amesikia binti yake akisema kosa lake mbele ya ukumbi mzima na hajui bado afurahi au aone haya. "Lakini ile *sijui* yenu imenikaa," alisema, akinigeukia mimi. "Mtu akisema hajui, mimi nangoja nisikie atakayejua. Mletee Deka hilo jibu kabla shule haijafungwa. Anisomee yeye mwenyewe, kwa maneno ninayoyaelewa. Nikiona ameelewa, tutazungumza upya."

Akanunua chupa nne za maji, akatugawia, yake na ya Deka zikangoja magharibi.

Deka alizungusha chupa yake mikononi njia nzima. Tulipofika alisema, "Nilidhani atakasirika. Ningejua la kufanya akikasirika."

Jumatatu, 24 Machi

Tumetafuta kwenye vitabu vyote vya maktaba. Hakuna hata kimoja chenye neno seleniamu isipokuwa kwenye jedwali la elementi. Mwalimu anasema swali letu atakutumia Alhamisi, pamoja na kurasa hizi.

Jumatano, 26 Machi

Deka ameanza kukunja vitu vyake mapema. Anasema ni usafi tu.

Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu Omosa anapiga picha kurasa hizi leo saa kumi, kwa hiyo ninamaliza hapa, nikiwa nimesimama kando ya meza yake. Deka yuko kando yangu na daftari lake limefunguliwa ukurasa mtupu. Shule inafungwa Ijumaa tarehe 4. Baba yake atakuja kumchukua siku hiyo asubuhi.

Dada, usinisifu wala usinikemee kwa yaliyo humu, hayo tutazungumza ukija nyumbani. Jibu hili moja tu, kwa Kiswahili ambacho mwenye duka la vitambaa atakielewa, na ulijibu leo ukiweza: ukishaitia DNA seleniamu, unajuaje kwamba bado ni ileile?